Maji Niliyoweka Kwenye Betri ya Mama Akinyi

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, soko lote la Toi ni matope. Nimekaa kibandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji, naandika na wa kushoto. Wateja wakiona bandeji wanaongeza mwendo.

Wacha waende. Nilikuwa fundi wa betri kabla hao hawajazaliwa. Betri za lori zilizokufa nimezifufua kwa kuongeza maji, na Kibera yote inajua. Shule niliachia darasa la tatu, lakini mkono huu haukuacha kusoma.

Aliyesoma ni binti yangu Mwende. Anakaa Kawangware, anafanya utafiti wa betri za lithiamu chuoni. Mwezi jana alikuja akanieleza. Wanatafuta plastiki ya kuweka ndani, badala ya ile dawa inayoshika moto. Chumvi ya lithiamu inavunjika vipande ambavyo jicho halivioni, wanaviita ayoni, na vipande hivyo ndivyo vinabeba umeme. Plastiki ikiwa kavu, vinakwama.

"Ni kama wewe ukipita kichochoro cha kijiji cha Raila hapa Kibera, baba. Kila mlango unashikwa mkono usalimie. Ukiwa umelowa maji kidogo, wanakuachilia, unapita."

Mimi nikasikia maji. Nikacheka. "Si hiyo ndiyo kazi yangu siku zote?"

"Hapana. Hayo ni kidogo sana, yameshikwa na chumvi na plastiki. Maji yakiwa huru yafikie lithiamu, ni moto. Usijaribu, baba."

Sikujaribu. Kujaribu ni kwa wanagenzi.

Alhamisi Mama Akinyi, anayeuza dagaa wa omena kule Kisumu Ndogo, akaniletea betri ya taa yake ya sola. Lithiamu. Nikaitoboa, nikaingiza maji kwa sindano. Ikavimba, ikafuka moshi, ikawaka mkononi mwangu.

Mama Akinyi akaniangalia. "Mzee, si ulisema unajua?"

Siku hizi anauza omena gizani.

Mwende alipopata habari akanipigia. Nikamwambia betri ilikuwa feki. Akauliza polepole, "Baba, uliweka maji?"

Nikakata simu.

Hajapiga tena. Siku tano. Ukurasa huu wa mtandaoni ni yeye alinifungulia, niandike sifa za kazi yangu. Sifa gani sasa?

Kesho, mvua isinyeshe au inyeshe, natembea mpaka Kawangware. Ulimi wangu haujawahi kusema nilikosea, na sijui kama utakubali uzeeni. Ukikataa, nitafungua bandeji mbele yake, asome mwenyewe.

Si yeye ndiye alisoma?