Alipiga, Akasimama

Jumamosi, Overport, Durban

Akasimama! Aliupiga mpira vizuri ajabu, kisha akabaki palepale na gongo mkononi, akiutazama kama askari wa geti.

Siyabonga amekulia kwenye kriketi, ambako ukishapiga una hiari ya kukimbia au kubaki. Kwenye besiboli hakuna hiari. Nimemwambia kila mazoezi: ukipiga, tupa gongo, kimbia! Leo alikuwa mpigaji wetu wa mwisho. Angewahi besi ya kwanza tu, mwenzake aliyekuwa besi ya tatu angefunga, tungekuwa sare. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alipoanza kukimbia, mpira ulikuwa umeshafika besi; akatolewa, tukafungwa.

Mkuu wa michezo wa chuo alinisubiri kwenye gari. "Kocha, tulikubaliana. Mmefungwa tena, timu tunaivunja."

Hii ni timu ya pili kunifia mikononi. Nikirudi Nairobi nitasema nilikuja Durban kufanya nini? Na wachezaji nitawaambia...

Jioni Siyabonga akanipigia simu, anahema. Nilidhani analia.

"Eish, kocha, niko barabarani nakimbia. Jumatatu mazoezini nikipiga, sisimami."

Nikamjibu kwa neno lao la "sawa": "Sharp. Jumatatu."