Buti Nilizozisugua

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Daftari, za leo. Sisi tupo. Baba watoto yupo, kikohozi kimepungua. Mama mkwe yupo, anadai chai tangu asubuhi. Mjukuu hajambo, ila vipele vya miguuni havijakauka tangu akanyage maji ya ufukweni. Kuku wawili nao wapo. Mimi roho juu.

Ni huyu Binti na kamera yake. Hana bosi, anapiga picha anawauzia magazeti. Mwezi wa pili sasa analiandama bomba la kiwanda linalomwaga uchafu mweusi baharini. Walinzi wamemfukuza mara mbili! Nikimkanya, ananionyesha miguu ya mwanawe. 

Akiwa huko salama hunitumia picha ya buti zake, zote mbili. Herufi za simu zinanishinda.

Jumanne, tarehe 4

Amerudi! Buti zimeganda tope jeusi, zinanuka kama mafuta ya gari. Kajitupa kitandani. Nikaona aibu — mtoto wangu atatokaje na viatu vile? Nikazisugua kwa brashi na sabuni mpaka zikang'aa.

Jumatano, tarehe 5

Nimeharibu.

Kaamka, kaziona, kakaa chini. Kumbe kiwanda kinasema picha zake ni za kwingine. Lile tope lilikuwa liende maabara leo, lilinganishwe na la bombani. Lingewaumbua.

Bora angefoka. Kasema tu, "Mama, umefua ushahidi." Halafu akacheka.

Nikamwambia nitakwenda mimi mbele ya watu, niseme nilifua. Baba yake akadakia, eti shahidi gani huyo, na brashi mkononi. Sikucheka. Kazivaa, karudi bombani. Nilimshika mkono, akauchomoa polepole.

Picha haijaja.

Alhamisi, tarehe 6

Hakulala nyumbani. Simu inaita, haipokelewi. Baba yake kaenda polisi, kaambiwa asubiri. Mjukuu anauliza, namdanganya. Vyombo safi nimeviosha mara tatu. Mikono hii!

Saa nane mchana. Simu imelia — picha! Nimempa mama mkwe naye aitazame, labda macho yangu yananidanganya.

Buti moja. Ina tope. Sakafu ya saruji, si yetu. Hakuna neno.

Nimebonyeza herufi moja moja: mwanangu, nyingine iko wapi? Njoo na tope lako hivyo hivyo, sitaligusa. Nijibu upesi. Upesi, mama.