Bosi wa Bosi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimemfungulia Restuta mlango wa oda. Si mlango wa mbao — ruhusa, kwenye duka letu la mtandaoni. Asali ya Rondo na korosho. Tangu Bosi Hussen afariki, miezi miwili sasa, meneja ni mimi. Kidato cha pili sikumaliza, sawa. Lakini Kilwa Masoko nzima nitajie anayegawa ruhusa kama Yasini.

Restuta ndiye mfungashaji wetu. Anaona oda tu. Picha hagusi. Mara ya mwisho alipogusa, asali ilikaa siku nzima na picha ya miguu yake. Na tuliuza!

Ananiita mlinzi wa geti kwenye nyumba isiyo yangu. Mtani ana mdomo huyu.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Kaja Kibwana, mdogo wake marehemu. Kistaarabu, na chapati mkononi. Anataka duka liandikwe jina lake, awe mmiliki.

Eti Bi Zuhura, mjane wa Bosi, yuko eda, ataendeshaje duka akiwa ndani? Nikamwambia duka lenyewe lipo ndani ya simu, halijawahi kutoka hata kwenda sokoni. Hakucheka.

Ijumaa kabla ya swala atachukua simu ya Bosi, akaifunge laini. Mtu kazikwa, laini yake inabaki hai ya nini, anasema.

Kibwana si mtu mbaya, hiyo ndiyo shida. Makaburini alishindwa kusimama. Ila duka likiwa lake, Bi Zuhura na mwanawe watakuwa wa kuomba kwenye jasho lao wenyewe. Asali ile wameichuja wote wawili, mke na mume. Na mmiliki habadilishwi ila kwa laini ya Bosi. Ikifungwa, basi tena.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Nimekwenda kwa Bi Zuhura. Yeye ndani, mimi ukumbini, pazia katikati. Nikatoa shikamoo kwa pazia, pazia likaitika marahaba. Anazo simu mbili, yake na ya Bosi. Ya Bosi anaichaji kila siku, kaniambia Samia. Samia ni binti yake, ana miaka tisa, ndiye tarishi wetu.

Nikamwambia abonyeze alama yenye meno.

"Meno gani, we mtoto?"

Kama gia ya baiskeli, Bi. Kisha Wafanyakazi. Kisha anisomee.

Akasoma. Hussen, mmiliki. Yasini, meneja. Restuta, oda. Halafu akaishia hapo. Nikadhani chaji imekwisha.

"Yasini. Huyu Bosi wa Bosi ni nani?"

Nikamwambia asome namba. Namba yake! Bosi alimwandika hivyo tangu siku ya kwanza, Bi mwenyewe hakujua. Chini yake: kutazama tu.

"Bosi wa Bosi, halafu natazama tu," akasema. Akacheka. Samia akamkimbilia kumwangalia. Toka msiba hajamsikia mama yake akicheka.

Basi nikamwongoza hatua kwa hatua, kutoka simu ya Bosi, atume mwaliko wa kumiliki. Akatuma. Simu yake mwenyewe ikalia hapo hapo pajani. Nikasema abonyeze Kubali, kazi imekwisha.

Hakubonyeza.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Bado.

Samia kanielezea. Chini ya mwaliko pameandikwa kwamba akikubali, jina la mmiliki wa zamani litaondolewa. Mama anataka kujua linaondolewa liende wapi.

 Nimejibu ili mradi nimejibu.

Mchana Samia kanifuata tunakofungashia, na simu ya mama yake. Mama kalala, bonyeza wewe. Restuta naye: bonyeza, we si fundi? Ingetosha kidole changu, sekunde moja tu. Nimemrudisha mtoto na simu yake. Restuta kaniita mjinga. Baadaye kanimegea muhogo wake, kipande kikubwa kuliko alichobaki nacho.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Saa tano na nusu. Naandikia hapa hapa ukumbini kwa Bi Zuhura. Restuta kaja na daftari la oda, kisingizio tu. Kibwana kapiga simu, ameshawasha pikipiki.

Samia katoka na swali. Mama anauliza maneno ya kwenye mwaliko ni ya baba au ya simu. Kanipa simu nisome. Imeandikwa: "Bosi wa Bosi, Hussen amekuchagua uwe mmiliki wa duka hili."

Nimesoma mara tatu. Mimi, mwenye jibu la kila kitu. Restuta ananiangalia, leo hana utani.

Nyuma ya pazia anasema, "Yasini mwanangu, usinidanganye. Nitajua."

Nimemwambia, Bi, subiri kidogo, naangalia kwenye daftari. Daftari lenyewe ndilo hili ninaloandikia.

Pikipiki imezima nje. Samia kanyoosha mkono anataka simu.

Jina la mwanzo, Bosi wa Bosi, aliliandika marehemu kwa kidole chake, hilo naapa. Mengine yote ni ya simu. Nimwambie lipi kwanza?