Nimempitisha Shangazi wa Mchumba Wangu Mlango wa Jikoni

Mama Atupele, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike chini, maana ukurasa wako naujua, nausoma kila wiki hata kama gazeti lenyewe limeshafungia maandazi, na nimeona unavyowachana watu, sasa mimi nichane taratibu kwa sababu nimechoka.

Naitwa Halidi, nina miaka ishirini na nne, naishi Kibaha, Kwa Mathias. Shule niliishia kidato cha pili, si kwamba akili sikuwa nazo, zilikuwa nyingi zikakosa pa kukaa, na sura ninayo, ukiuliza pale stendi watakwambia Halidi yupi, yule mtanashati? Ndiye mimi. Kazi yangu ni pikipiki, lakini si ya abiria, mimi nabeba chakula. Mtu yuko kwake Masaki au Mikocheni kwenye kiyoyozi, anabonyeza simu, anataka piza, anataka biriani ya Kihindi, anataka tambi za Kichina, mimi naenda mgahawani, nakaa kwenye benchi, naitwa, natia kwenye boksi, naweka mgongoni, napeleka. Asubuhi natoka Kibaha, jioni narudi Kibaha, mgongo umekufa ganzi na shati linanuka vitunguu saumu vya mataifa saba. Miaka miwili sasa. Kiingereza changu chote ni cha menyu, lakini hicho usinichezee, natamka mpaka mzungu anageuka.

Na katika miaka miwili hiyo, Mama Atupele, sijawahi kula hata kimoja. Navijua kwa harufu.

Sasa nilipokutana na Naila, yeye kwao Kisarawe, ndani kule Kibuta, alikuja Kwa Mathias kwa dada yake Shamsia anayeuza vitenge, mimi napita, boksi langu nimeliacha kwa fundi, akaniuliza, "Kaka, unafanya kazi gani, mbona unanukia jiko la watu?" Mtoto mzuri akikuuliza hivyo utamwambia nabeba boksi? Nikamwambia mimi ni mwonjaji.

"Mwonjaji wa nini?"

"Wa migahawa ya kimataifa, Dar. Chakula hakitoki jikoni mpaka mimi nimeonja nikasema ruksa."

Akacheka mpaka akakalia majora ya dada yake. Nikajua hapo nimeshaingia. Akauliza sushi ikoje, nikamwambia ni wali uliovaa koti. Lasanya je? Nikamwambia hizo ni chapati zimelaliana, kila moja na blanketi lake la nyama. Na kwa kweli sikuwa nadanganya sana, maana nimezibeba mpaka nazijua uzito.

Lakini uongo huu, Mama, una mguu. Ulitoka Kwa Mathias ukafika Kibuta kabla yangu. Naila akawasimulia wenzake, wenzake wakasimulia bombani, sasa kule kwao hawamwiti Naila, wanamwita mke wa mwonjaji. Na kila jioni ananipigia, "Leo umeonja nini?", na mimi nimeegemea pikipiki hata kofia sijavua, mchana nimekula wali maharage kwa Hamisa, mama ntilie wetu pale Mikocheni kwenye ukuta wa jengo lisiloisha, ndiko ninakokula siku zote, basi inabidi nianze kutafuta chakula cha Uchina cha kumwambia. Kuendesha pikipiki hakujanichosha kama kuonja vitu ambavyo sijala.

Ikafika posa. Naila amelelewa na shangazi yake, Bi Biubwa, mpishi wa shughuli, harusi zote za Kibuta pilau anapika yeye, akinusa sufuria anakwambia nani amekoroga. Na nyumba yao ina utaratibu wao, posa haijibiwi mpaka mkubwa wa nyumba amekula sinia moja na muoaji. Mjomba wangu Mwinshehe akapeleka barua, akarudi na jibu.

"Bi Biubwa anasema barua ameiona. Sasa anataka mle. Lakini hataki ule kwake, anasema kwake kila mtu anakula kwa adabu. Anataka akale unakokula wewe."

Mama Atupele, sikulala. Hela nilijichanga, hilo usilihofu, tatizo langu si hela. Nikaazima shati la rafiki yangu Ashrafu, nikajipulizia, Jumamosi mchana nikawapokea shangazi na Naila mjini, nikawachukua na bajaji mpaka Masaki kwenye mgahawa mmoja wa Kijapani, jina nalificha, ambao mimi nauona kama kwangu maana kwa siku naingia mara nne. Shangazi amevaa baibui na kanga mpya juu yake, Naila ana gauni la kushonesha. Mimi mbele, mikono mifukoni, natembea kama mwenye mtaa.

Na hapa ndipo nilipojiua. Nimewapitisha uchochoroni, tukapita mitungi ya gesi, tukapita mapipa ya vichwa vya samaki, Naila ameinua gauni, mimi sina habari, naongea tu, mpaka kwenye mlango wa bati. Wallahi sikukusudia. Miaka miwili naingia pale na sijawahi kupita mlango mwingine, hata wazo kwamba kuna mlango wa mbele halikunijia.

Mlinzi wa pale, Mzee Mwinyimadi, hata hakuinua macho. "Boda, oda yako bado. Kaa benchi."

Nikakaa.

Mama Atupele, mimi sikukaa, yalikaa makalio, yamezoea. Nikaja kushtuka niko kwenye benchi katikati ya vijana wenzangu wenye maboksi, Naila amesimama ananitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Shangazi akanitazama mimi, akaitazama benchi, akakusanya baibui lake akakaa pembeni yangu.

"Tukae," akasema. "Mwenyeji si amekaa?"

Nikaruka. Nikasema, "Shangazi, huku ndiko tunakoingilia sisi wataalamu, nilitaka muone jiko kwanza." Mwenzangu mmoja mwenye boksi akakohoa, na hakikuwa kikohozi cha ugonjwa.

Tukazunguka mbele. Ndani huko nikaagiza kwa Kiingereza changu, mhudumu mwenyewe akasimama sawasawa, lile naomba uliandike. Shangazi akamuuliza, "Mwanangu, humu hamna nguruwe wala kileo?" akahakikishiwa ni samaki na wali na mboga. Wakaleta vitu vimepangwa kwenye ubao, na pembeni kitonge cha kijani. Naila akaniuliza hiki nini. Ndilo neno lake la kwanza tangu benchi. Sasa kile kitonge nimekibeba mara elfu kwenye vikopo vyake na sijawahi kuuliza, nikamwambia hilo ni parachichi la Kijapani, wenyewe wanaanzia hapo, nikakitia chote mdomoni. Mama, kumbe kinawaka kuliko pilipili, nilimwona marehemu babu yangu. Machozi yalitoka, makamasi yalitoka, masikio yakaziba. Shangazi akanipa ncha ya kanga yake nijifute. Akaviacha vijiti vyao vya kulia, akanawa, akala vipande vitatu kwa mkono, akasema, "Wali wao umeiva." Basi.

Nikawasindikiza mpaka Kisarawe. Pale stendi shangazi akaniambia, "Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ukishaswali, uje Kibuta peke yako. Uniletee chakula. Ukilete kama unavyokileta siku zote. Hapo ndipo nitajibu barua." Akaenda zake. Naila akabaki nyuma kidogo, akaniuliza, "Yule mlinzi amekujuaje?" Nikamwambia amenifananisha.

Tangu hapo, siku ya kumi leo, nikimpigia anaitika "sawa" tu. Hata haniulizi nimeonja nini.

Sasa Ashrafu ana mpango. Anasema atampigia shangazi ajifanye meneja wa mgahawa, atazungumza kwa pua, na atatuandikia barua kwamba Halidi ni mwonjaji wetu mkuu, na muhuri anao, usiniulize kautoa wapi. Nimemwambia anipe muda. Upande mwingine nasema nisiende kabisa, nibadilishe laini, nihamie Magindu nikachunge ng'ombe za watu, wao hawaulizi kitu. Nishauri kabla ya Ijumaa hiyo. Nimechoka, hata kudanganya nimechoka, ila nikiacha kudanganya naona nabaki na boksi tu.

Ni mimi, Halidi wa Kwa Mathias, mtanashati.

*

Marahaba, Halidi. Uliniomba nisicheke mpaka chini. Nilifika kwenye benchi nikashindwa, nisamehe. Sasa nimemaliza, kaa tena, na safari hii ukae kwa kukusudia.

Ashrafu aondoke kwenye jambo hili leo hii, yeye na pua yake na muhuri wake. Mwanamke anayenusa sufuria akajua mkorogaji, unataka kumpigia simu ya uongo? Na muhuri wa wizi ni jela, hakuna posa huko. Mrudishie na shati lake, ukilifua.

Magindu nako usahau. Ng'ombe hawaulizi kitu, lakini hawapigi simu jioni pia.

Unachonishangaza ni kwamba unaandika kana kwamba siri bado ipo. Siri yako, mwanangu, ilikufia kwenye benchi, na shangazi alikuwa mfiwa wa kwanza kukaa. Yasome tena maneno yake, umeyaandika mwenyewe na hukuyasikia. "Ukilete kama unavyokileta siku zote." Nani anamwambia mwonjaji alete chakula? Mwonjaji haleti, anapelekewa. Bi Biubwa anajua unabeba boksi, na badala ya kukutangaza Kibuta nzima amekupa wiki kadhaa useme mwenyewe. Angetaka kukukataa angegeukia pale pale kwenye mapipa ya samaki. Mama mzima, kanga mpya, katoka Kibuta, akakusanya baibui akakaa na wewe mbele ya vijana wenzako. Lakini usivimbe kichwa, maana naona kichwa chako hakihitaji pampu. Alikaa akutazame, na bado anakutazama.

Nilichokasirikia ni kingine. Barua ndefu hivi, na hali ya Naila umeipa mistari mitatu mwishoni. Unamwogopa shangazi, na aliyeumia ni Naila. Wewe uongo wako uliuacha barabarani, yeye ndiye aliyeubeba mpaka bombani. Wewe ukifichuka unabadilisha laini. Yeye atabadilisha nini, akiwa na ndoo yake na wale wanaomwita mke wa mwonjaji? Halafu pale stendi akakuuliza swali moja, la upole, peke yenu, akakufungulia mlango kabisa, ukamwambia amenifananisha. Uongo wa Kwa Mathias ulikuwa utani wa kijana kwa binti mzuri. Huu wa stendi ulimwambia mtu aliyekwisha kuona kwa macho yake. Ndiyo maana unaitikiwa "sawa".

Kwa hiyo sikiliza. Kabla ya Ijumaa hiyo mfuate Naila, kwa Shamsia au kwao, si kwa simu na si kwa ujumbe. Mwambie, nabeba chakula, sijawahi kukila, nilikudanganya wewe na ukadanganya watu kwa ajili yangu, naomba radhi. Uishie hapo. Usitie wali uliovaa koti. Utani wako ni mtamu, hata mimi umenikamata, na ndio uliokufikisha hapa. Akinuna, mwache anune. Akisema hakutaki, hiyo haki anayo na mimi sikuahidi vinginevyo. Mwambie pia kwamba wale wa bombani utawaeleza wewe, kwa mdomo wako, asiachiwe yeye kazi hiyo.

Kuhusu kubaki na boksi tu. Miaka miwili unatoka Kibaha kwenda na kurudi kila siku, mgongo umekufa ganzi, na hakuna mtu aliyelala njaa kwa sababu yako. Hilo ungemwambia Naila siku ya kwanza angecheka vilevile, maana hakucheka kwa ajili ya sushi.

Ijumaa ukishaswali, vaa koti lako la kazi. Shati la kuazima hapana. Beba boksi lako mgongoni, washa pikipiki yako. Na kabla ya hapo, Alhamisi, umwombe Hamisa akupikie Ijumaa mapema ule wali maharage wake, uutie kwenye boksi, uufunge vizuri kama unavyofunga vya watu wa Masaki. Kamwombe sinia Bi Biubwa, pakua, mle. Alisema anataka kula unakokula wewe, na mpaka leo hajala.

Ukifika Kibuta usizunguke uani, najua miguu yako itataka. Piga hodi mbele.