Saa ya Mpwa Wangu Rwezaura

Jumanne, 3 Julai 1951

Dada Anatolia hali tena. Uji kijiko kimoja, kisha anageukia ukutani. Leo kaniita karibu. Nikampa shikamoo, kaitikia kwa sauti ya kifaranga. Kasema anataka kitu kimoja tu kabla hajaenda: aisikie saa ya Rwezaura inakwenda. Mwanawe alipokuja likizo, kabla Keya, jeshi la Mwingereza, hawajampeleka vitani Bama, alimwekea saa ile sikioni. Mama, sikia, alisema, ina moyo. Sauti hiyo ndiyo anayoitaka. Kaburi la mwanawe hana. Wanawake wenzake wana wao wamelala kibanjani, chini ya migomba, unapita unawasalimu. Wa kwake yuko msitu gani, hakuna ajuaye. Saa peke yake ndiyo iliyorudi, ndani ya kifurushi cha serikali, imesimama.

Nikasema dada, niachie mimi. Mimi huyu nilikuwa natia ufunguo saa ya ukutani ya Bwana wa machimbo ya bati. Haikuchelewa hata siku moja! Ilifika mahali Bwana akawa anatoka nje kuniuliza mimi ni saa ngapi, saa yenyewe anaiona.

Renatha, bintiye Anatolia, alikuwa anachochea moto. Mjomba, kasema, kutia ufunguo na kutengeneza ni kazi moja? Mtoto ana ulimi huyu. Nimemwambia chuma chote cha nchi hii kinanijua kwa jina.

Jumatano, 4 Julai

Nimeifungua kwa kisu cha kumenyea ndizi. Kitu kikaruka kikanipiga puani. Kamani — utepe wa chuma mwembamba kama jani la nyasi, umekatika katikati. Saa bila kamani ni kopo. Tena kile kichwa cha kutilia ufunguo kimeng'oka, imebaki sindano tupu. Mshale wa dakika nao haupo. Huo tuuache. Anatolia haoni siku hizi, anasikia tu.

Kilabuni kwa Protase wameniuliza saa ilisimamaje. Nikasema ilizuia risasi mbili za Mjapani. Wakanijazia kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Ijumaa, 6 Julai

Murongo, kwa baiskeli. Mlima ule unapanda hata wakati wa kushuka.

Seif muuza duka, mtu ambaye kwao ni Pangani, ndiye mwenye bisibisi ndogo maana hutengeneza cherehani. Kabla sijakaa mkewe Mwajabu kaniuliza: Mzee Melkiory, yule mamba uliyempiga ngumi mtoni amefikia urefu gani sasa? Nimemwambia anaendelea kukua. Wamecheka, wakanipa kahawa ya tangawizi. Nilipowaeleza habari ya dada hawakucheka tena.

Seif ana mkebe wa saa zilizokufa. Ya kwanza kaitazama, kaitupa. Hii ya mwanamke, hiyo ya askari, kasema. Utatia utumbo wa mbuzi kwenye tumbo la ng'ombe? Ya tatu ikafaa. Kaitoa kamani yake, kaikunja taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Kaishika ile sindano kwa koleo, kaizungusha. Ikaenda! Ti-ti-ti. Halafu ikasimama.

Imekauka, kasema Seif. Inataka mafuta ya saa, tone la ncha ya sindano. Nimeishiwa. Gari la Bukoba likija nitakuletea. Usitie kitu kingine, Melkiory. Unanisikia? Nikasema nasikia. Mwajabu kakataza nisilipe. Ni ya mama, kasema, ya mama hailipiwi.

Jumamosi, 7 Julai

Siku mbaya. Protase alikwenda kumjulia hali dada, akamsimulia ile ya risasi. Zimekuwa tatu njiani. Nilipoingia Anatolia kaniuliza, uso ukutani: Mdogo wangu, kama ilizuia risasi, mbona yeye hakurudi?

Renatha kanitazama, akainamisha kichwa. Nikatoka nikakaa na mbuzi.

Jumatatu, 9 Julai

Bweranyange, kwa Rweyemamu mhunzi, kwa ajili ya kile kichwa. Nimemkuta anafua majembe. Kaitazama ile sindano kwenye kiganja chake kikubwa, akadhani namtania. Kasema babu zake walifua nyundo za mfalme hapa hapa, leo yeye aitwe kufua punje ya mtama? Nikamweleza ni ya nani. Kachukua kipande cha bati la machimboni kwetu, kaliyeyusha kwenye kigae, kalidondosha juu ya sindano tone moja, kisha akalikwangua kwa tupa mpaka vidole vikaweza kushika. Halipendezi. Linazungusha. Kanirudishia kwa mikono miwili, namna ya kumpa mtu mfiwa.

Jumanne, 10 Julai

Gari la Bukoba halijapita. Padri kaja, kampaka dada mafuta matakatifu. Uji hakuugusa kabisa.

Sikungoja. Kwetu nini hakipakwi samli? Mtoto akizaliwa, samli. Bibi harusi, samli. Ngozi ya ngoma, goti la mzee, mkuki. Nimechovya ncha ya mwiba kwenye kibuyu cha ile safi, ya kunukia, nikagusa kila gurudumu. Mchana mweupe, jua la kiangazi mgongoni. Nikazungusha punje ya Rweyemamu.

Inakwenda. Nimekaa nayo uani mpaka kivuli cha nyumba kikanifikia, inakwenda tu. Nikaizima kwa unyasi kwenye gurudumu, nisiumalize ufunguo.

Kilabuni nimesema wazi: Seif na mafuta yake ya Bukoba, mimi na ng'ombe wangu. Waje kesho asubuhi wasikie kwa masikio yao.

Jumatano, 11 Julai

Walikuja. Ukungu hata mgomba wa tatu huuoni. Wamejaa chumbani kwa dada, na Protase mbele kama mwenyekiti. Nikatoa unyasi. Nikamwekea dada sikioni.

Kimya.

Nikaitikisa. Nikazungusha. Kimya. Watu wakaanza kukohoa. Anatolia kashika mkono wangu, kaushusha taratibu. Kasema: Acha, mdogo wangu. Naye alinyamaza hivi hivi.

Wametoka mmoja mmoja. Hakuna aliyenitania, na hilo ndilo baya zaidi. Hata Protase.

Nimeitia saa kifuani, ndani ya koti la kijeshi, nikaenda kutembea ili nisionekane. Nimepanda mpaka juu ya malisho. Nilipokaa kupumua nikasikia kitu kinanigonga ubavuni. Ti-ti-ti. Nikaitoa — upepo wa kule ni kisu — ikapunguza mwendo, ikasimama. Nikairudisha. Ikaenda.

Hapo nikakumbuka kibuyu cha samli alfajiri. Jiwe. Mpaka ukiweke karibu na moto. Nimeigandisha mwenyewe saa ya mtoto. Seif aliniambia, na nilimsikia.

Alhamisi, 12 Julai

Nimemwambia Renatha amvalishe mama yake saa kifuani, ndani ya nguo, blanketi juu. Sikusema kwa nini. Tumekaa. Maji ya ndizi yakachemka, yakaepuliwa. Halafu ti-ti-ti ikaanza, Anatolia kafumbua macho.

Hakulia. Kaweka mkono juu ya nguo, kaanza kumwambia mwanawe habari za nyumbani. Ng'ombe gani amezaa. Kahawa mwaka huu imeshika. Kemirembe, yule mchumba wako, ameolewa Muleba, usimkasirikie, alikungoja sana. Renatha kakimbilia nje. Mimi nimebaki, nimesikia yote.

Baadaye kasema: Imenijua. Kwenye mikono yenu ilinyamaza, kwa mama yake inasema.

Ijumaa, 13 Julai

Kijiji kizima kimejua. Wanakuja kina mama waliopoteza wana huko huko Bama, wanainamisha sikio kifuani pa Anatolia, wanasikia, wanakwenda zao bila neno. Xaveria, mama wa kijana aliyekwenda Bama pamoja na Rwezaura, karudi mara ya pili. Wengine wanasema ni mwujiza, aitwe Padri.

Kilabuni wameniuliza: ulifanyaje? Hadithi nzuri kuliko zote za maisha yangu ilikuwa mdomoni. Nimeinywa pamoja na rubisi. Kisa chenyewe ni samli. Nikisema samli, nawanyang'anya kina mama wote wale.

Jumapili, 15 Julai

Dereva wa gari la Bukoba kaleta kichupa kutoka kwa Seif. Pamoja na maneno: kama umetia kitu kingine, Melkiory, nitajua nikifungua, ilete kwanza niioshe, ndipo tutie mafuta.

Ikioshwa itakwenda kwenye baridi, kwenye joto, kwa yeyote, miaka. Lakini mpaka Murongo na kurudi — na kifua chake hicho kitabaki kitupu. Nimesogea kitandani nikagusa mkanda wa saa kidogo tu. Dada alikuwa amelala, nilidhani. Vidole vyake vikaishika saa.

Kichupa nimekichomeka kwenye nyasi za paa.

Renatha kanifuata nje. Mjomba, mbona asubuhi inakwenda polepole kuliko mchana? Nikasema saa za kizungu huchoka. Kanitazama sana. Kasema: basi nitapasha mawe. Kumbe mtoto amejua.

Jumatatu, 16 Julai, asubuhi

Naandika hapa hapa kitandani pake, daftari gotini.

Baridi imemwanzia miguuni. Renatha amekuwa akipasha mawe kwenye majivu, anayafunga kwa kitambaa, anamzungushia. Yanapoa upesi kuliko anavyopasha. Ukungu umeingia mpaka mlangoni. Kulipopambazuka nimeinama kusikiliza. Ti. Kisha muda. Ti.

Nikaweka kiganja changu cha kushoto juu ya saa, juu ya mkono wake. Nina damu nzito mimi, hata jeshini walisema — sikuwa jeshini, koti nililinunua. Kiganja kina joto lakini. Pakapita kitambo, ikachukua mwendo.

Midomo yake ilisogea. Renatha kainama, kaniambia: anauliza, mtoto bado anasema? Nikasema bado anasema, dada. Akatulia.

Tangu hapo hajasogea.

Renatha kasema: Mjomba, inuka ukaote moto, mkono utakufa ganzi. Nimemwambia bado kidogo. Anajua. Ameketi upande wa pili, ameshika mguu wa mama yake kwa mikono miwili.

Chini ya kiganja saa inakwenda vizuri, kama saa mpya. Joto ni la nani, langu au lake, siwezi kusema. Nikiuinua mkono tutajua sote wawili.

Renatha kauliza, kwa sauti ndogo: inakwenda? Nimemjibu inakwenda. Sijaongeza kitu.

Mkono siuinui. Jua halijatoka bado.