Mkanda wa Kijapani na Debe la Unga

Jumamosi, Julai 1986. Baridi, na manyunyu tangu asubuhi.

Shajara yangu, leo simwamini mtu. Hata wewe nakuandika nikiwa nimeegemea mlango wa jikoni usifunguke.

Nimetoka kwa Mama Wairimu, jirani yetu hapa mtaani Ziwani. Alikuwa akimfanyia kazi za nyumbani injinia mmoja Mjapani, na yule bwana aliporudi kwao alimwachia mashine ya video na sanduku la mikanda iliyorekodiwa kutoka televisheni ya huko. Basi kila Jumamosi mchana sisi wanawake hujazana sebuleni kwake kutazama mchezo wa bibi arusi anayeishi na mama mkwe wake. Wanaongea Kijapani mwanzo hadi mwisho. Mama Wairimu husimama kando ya televisheni akitueleza wanasema nini. Hata matangazo ya sabuni na supu anayatafsiri, na ole wako umwambie ayaruke.

Nilianza kumshuku zamani. Mtu aliyekuwa akifua na kupiga pasi alijifunza lini Kijapani chote hicho? Kuna wakati yule mama mkwe huongea mpaka anaishiwa pumzi, naye anatuambia tu, "Amekataa."

Hao Wajapani wanaoitengeneza pia siwaamini. Walituuzia redio, wakatuuzia saa, sasa wanatengeneza hata machozi, na kila sehemu wanaikata pale pale unapotaka kujua. Wiki nzima nashona sare za shule huku nikimuwaza mwanamke ambaye sitamwona maishani.

Lakini la leo ni jingine.

Leo yule bibi arusi aliingia jikoni, akatazama nyuma, kisha akachomeka kifurushi kidogo ndani ya pipa la mchele. Mama Wairimu akasema bila kupepesa macho, "Hizo ni dawa za kuzuia mtoto. Bwana yake hajui."

Vidonge vyangu vimo ndani ya debe la unga. Mume wangu anataka mtoto wa tano, wa kiume safari hii, na baada ya uzazi wa mwisho daktari aliniambia mwili wangu hautastahimili mwingine. Nilipomweleza, Baba Mwende alisema daktari si Mungu. Anayejua habari ya vidonge ni mmoja tu, Mama Wairimu, aliyenisindikiza kliniki. Na pale kwenye kochi, bega langu na bega lake, alikuwa ameketi mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Machakos baada ya Pasaka, kiondo chake cha mkonge magotini.

Sikuthubutu kumtazama.

Wenzangu walipokuwa wakivaa viatu nilimvuta Mama Wairimu kando, nikamuuliza kama kweli hayo ndiyo yaliyosemwa.

"Kwani wewe uliona nini? Mtu anaficha kitu, na anaogopa. Ulitaka niseme ni peremende?"

Sikuridhika. Alikuwa akinisema, au akinionya? Au ndivyo hadithi ilivyo, na huko kwao pia wanawake wanaficha? Nilimkasirikia, na hasira haijaisha.

Tulirudi nyumbani mimi na mama mkwe, tukiruka madimbwi. Karibu na bomba la maji akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo:

"Huyo msichana hana akili. Kwa chakula ndio mtu wa jikoni huangalia kwanza."

Na siku hizi yeye ndiye anayesonga ugali wetu.

Nikamuuliza, nikimwita mama kwa Kikamba, "Wewe ungeficha wapi, mwaitu?"

"Kwa kiondo ya mama mkwe. Nani atasachi mzee?"

Hakucheka. Tulipofika akanywa chai, akaenda kujinyoosha kitandani na wajukuu. Lakini kile kiondo, ambacho hata mwanangu Mwende akikigusa hufokewa, amekiacha kwenye msumari wa jikoni, juu ya debe, mdomo wazi.

Nimekaa nacho hapa. Ndiye huyu aliyeniuliza mbele ya wageni nangoja nini kumpa mjukuu wa kiume. Ndiye huyu pia aliyezaa tisa, akazika wanne, na hajawahi kunisimulia hata mmoja wao. Kesho atakibeba kiondo kwenda kanisani, akitembea na mwanawe. Kama ni mtego, Baba Mwende atajua kabla ya wimbo wa kwanza, na sijui nitalala wapi. Kama si mtego, basi nimekuwa nikimwogopa mtu ambaye si adui yangu.

Kuviacha kwenye unga hakunisaidii tena. Alishaviona. Angetaka kusema, angekuwa amesema.

Au anangoja awe navyo mkononi, amwonyeshe mwanawe?

Nimevitia. Nimevifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikavisukuma chini ya kitabu chake cha nyimbo.

Kesho akirudi kutoka kanisani, nitajua nimekuwa nikiishi na nani.