Kumbukumbu ya Mama Bernadetha wa Zamu ya Majani

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile uliposema kichwa kinakuuma, ukaomba chai isiyo na sukari, na kabla chai haijapoa ukawa umeshatuacha. Hata sasa mlango wa nyuma wa nyumba yetu ya mjini, Njoro, ukigonga kwa upepo, sote tunageuka kutazama. Wewe ndiye uliyekuwa ukiingia kwa mlango ule, mkoba kwapani na habari mdomoni, na habari zako hazikuwahi kuwa fupi.

Ni mimi Victoria, kitinda mimba wako, niliyepewa kazi ya kuandika haya. Basili alitaka kuandika yeye, lakini Baba akaniambia, "Kaka yako ataandika taarifa ya mwaka ya kampuni."

Ulikuwa mkunga. Uliwapokea watoto wa mkoa huu kwa miaka mingi hadi ikawa shida kwenda nawe sokoni. Mwanamume mzima mwenye ndevu anakusimamisha: "Shikamoo Mama. Mama yangu anasema wewe ndiye uliyenipokea." Unamtazama kichwani kama fundi anayekagua kazi yake ya zamani, halafu unamjibu, "Marahaba. Ulikuja na makelele." Sidhani kama ulimkumbuka hata mmoja wao. Wote uliwaambia walikuja na makelele, na wote waliondoka wamefurahi.

Ulipostaafu, Baba alikuwa ameshakupangia kuku. Banda lilikuwa limekwisha, bado waya tu. Ukiwa jikoni unamenya ndizi za mtori ukatuambia hutaki kuku, unataka kuanzisha taasisi. Basili, aliyekuwa kwenye simu kutoka Dar es Salaam, alicheka mpaka tukamsikia wote.

"Taasisi ya nini tena, mke wangu?" Baba akauliza.

"Ya afya. Kule kwetu mpakani."

"Si kuna serikali?"

"Serikali ipo, Baba Basili. Lakini wanawake wa mpakani wananifikia wamechelewa, na wengine hawanifikii kabisa. Sasa unataka nikae hapa na kuku huku najua?"

Baba akaenda kulitazama banda lake. Hakuna aliyekuweza ukishasema "huku najua".

Tukaona basi jinsi taasisi inavyoanzishwa na mtu asiyechoka. Ulitafuta wajumbe wa bodi kama watu wanavyotafuta wasimamizi wa harusi, nyumba kwa nyumba, na ukiambiwa hapana unakaa, unakunywa chai, unauliza tena. Katiba iliandikwa na mwanasheria, ukaichana, ikaandikwa upya kwa sababu haikuwataja akina mama wa upande wa Kenya. Mwanasheria alisema hao ni raia wa nchi nyingine. Wewe ukamwambia kwamba kule Rombo mtu anaolewa ng'ambo, anachota maji ng'ambo, mtoto anachanjwa huku na kadi imebaki kwa bibi yake kule, na kwamba uchungu wa kuzaa haujawahi kusimama kwenye kigingi cha mpaka kuonyesha kitambulisho. Kipengele kikaingia.

Parokia ikatoa kiwanja, marafiki zako wauguzi wakachanga, wafadhili wakaja na magari yao marefu. Ukaanza na chanjo na kliniki ya presha, halafu ikasimama nyumba yako ya kusubiria, ile ambayo mama mjamzito anakuja kukaa siku zake za mwisho, jirani na zahanati, ili uchungu usimkute bondeni. Vitanda vipya, neti mpya, jiko lake, bustani yake ya mchicha. Siku ya kuzindua ulivaa kitenge cha kijani na ukalia mbele ya watu, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Halafu nyumba ikakaa tupu.

Walikuwa wanakuja kliniki, wanapimwa, wanakuahidi, na hawarudi. Ukakasirika, Mama, na hasira yako tunaijua. Uliamua kwamba ni wanaume wanawazuia. Jumapili moja baada ya Misa ukaomba nafasi ya matangazo, ukawasema wanaume wa kigango kizima hadi padre akaanza kukohoa. Wanaume wakanuna. Nyumba ikaendelea kuwa tupu, na sasa hata waliokuwa wanakusalimu wakawa wanapita njia ya pili.

Aliyekufumbua macho ni ng'ombe wa mjomba Wenseslaus. Mke wa mjomba alipofanyiwa upasuaji wa jicho ulikwenda kumuuguza, na mle kihambani, kwenye migomba inayozunguka nyumba, kuna ng'ombe wa ndani ambaye hachungwi, analetewa. Kiangazi kile majani yalikuwa yamekwisha huku juu. Ukajifunga kanga, ukachukua mundu na kamba, ukateremka na wenzako alfajiri hadi nyikani, mkavuka mpaka kwa njia ya miguu, mkakata majani upande wa pili na kupanda nayo kichwani. Na mle kwenye msafara, mbele yako kabisa, alikuwa Ndelilio, uliyempima mwenyewe wiki ile ile na kumwambia aje kulala kwenye nyumba yako. Mimba yake ilikuwa imeshuka. Mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko wako.

Ulipomuuliza kwa nini hakuja, alikushangaa.

"Nikija kulala kwako, Mama Basili, ng'ombe atakula nini?"

"Mumeo yupo."

"Mwanaume abebe majani kichwani? Apite nayo sokoni?" Wanawake wote wakacheka, nawe ukacheka, kwa sababu ulizaliwa kulekule na hukuwahi kuona mwanaume akifanya hivyo.

Ulirudi Njoro shingo imekukaza, hugeuki ila na mabega, na kwa mara ya kwanza huna habari ya kutoa. Ulikaa, ukanywa maji, ukasema, "Nimejenga nyumba ya watu wasio na ng'ombe." Baba ndiye aliyekukanda shingo jioni ile.

Krismasi iliyofuata, wakati Wachagga wote tumepanda nyumbani na magari yamejaa hadi njia ya kihambani, uliiketisha bodi yako baada ya mbuzi kuliwa. Ukasema taasisi itaanzisha zamu ya majani. Mama akiingia nyumba ya kusubiria, wenzake wanamlishia ng'ombe wake kwa zamu, na taasisi inalipia gari la kupandisha majani kutoka bondeni. Basili alikuwa mweka hazina wako wakati huo, na alishika kichwa.

"Mama, niwaandikie wafadhili kwamba fedha za afya tumenunulia majani?"

"Andika hivyohivyo."

"Watatucheka."

"Wacheke. Ng'ombe asipokula, mwenye ng'ombe halali kwenye kitanda changu. Hiyo ndiyo afya, mwanangu. Andika."

Mfadhili mmoja alijitoa kwa barua ya heshima sana. Ulisema Mungu ambariki, ukaendelea. Na wakaja. Kwanza Ndelilio, akajifungua salama, halafu wengine, wa huku na wa ng'ambo, na mwenye kwenda nyumbani na mtoto anaingia kwenye zamu kumlishia anayekuja. Ulikuwa unawajua ng'ombe wao mmoja mmoja, yupi ana mimba, yupi anapiga teke. Tulikutania kwamba umegeuka bwana mifugo. Ulipenda sana utani ule, ukijifanya umeudhika.

Sasa nikuambie yaliyotokea baada yako, kwa sababu hukuyaona.

Siku ya maziko wanawake wote wa zamu walikuwa kwenye kihamba cha Baba kule Rombo, wanapika, wanateka maji, wanalia. Hakuna aliyekumbuka majani. Ndani ya nyumba ya kusubiria kulikuwa na mama mmoja tu, Elinipendo, na alipoona siku ya pili inaingia na ng'ombe wake hajalishwa, akatoka na mundu kushuka bondeni, tumbo lile. Basili alikutana naye njiani akiwa anatoka kumsindikiza padre. Akamnyang'anya mundu.

Mama, kaka yangu alipanda kutoka bondeni na suti ya msiba, majani kichwani, akapita katikati ya soko. Mzigo hakujua kuufunga, ukawa unamwagika nyuma yake hadi barabara ikabadilika rangi. Waliokuwa kwenye pombe ya mbege walisimama na vibuyu mkononi. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja muuza ndizi akavua kilemba chake, akamkunjia ngata, akamwekea kichwani na kumtwika upya. Alipofika, Baba alimtazama akasema, "Hata kufunga mzigo hujui," halafu wote wawili wakalia, mbele ya wageni. Hapo ndipo mimi nilipoamini kwamba umekufa.

Elinipendo alijifungua mtoto wa kiume. Kisha nyumba ikawa tupu tena.

Tulifanya kila kitu ulivyofanya. Zamu ilikuwepo, gari lilikuwepo, muuguzi alikuwepo. Basili aliacha kazi Dar na kuja kukaa Rombo, na Brenda mkewe akakubali, jambo ambalo usingeliamini. Lakini wanawake hawakuja. Walisema kwa adabu kwamba wanafikiria. Tukaelewa kwamba hawakuwa wakija kwa ajili ya nyumba wala kwa ajili ya taasisi, walikuwa wakija kwako, na sisi walituona watu wa mjini tunaoshika funguo. Iliuma, nasema kweli. Masika yakapita, kiangazi kikaingia, wawili wakajifungulia bondeni, na mmoja mtoto wake hakuishi. Tukakubaliana, kwa shingo upande, kwamba Misa ya mwaka ikifika bado hakuna mtu, tutairudishia parokia kiwanja chake na kuifunga taasisi kabla haijawa jina tu.

Majuma machache kabla ya Misa, Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ile, kama anavyofanya siku hizi akichoka kukaa Njoro peke yake. Akamwona mwanamke anapanda kutoka upande wa mpaka, mimba imekomaa, anatembea taratibu, na nyuma yake anamvuta ng'ombe kwa kamba. Ng'ombe mzima, Mama, mwenye pembe, ametoka naye Kenya.

"Shikamoo Mzee. Mimi naitwa Mwende. Niliambiwa hapa mnamlisha mtu pamoja na ng'ombe wake. Nikasema basi nije naye."

Hakuna aliyemweleza kwamba ng'ombe hubaki nyumbani. Mimi nilikuwa dirishani, nikafungua mdomo nimwambie. Sikuwahi kusikia katiba ya taasisi yoyote yenye kipengele cha kulaza ng'ombe, na ng'ombe huyo hakuwa na kibali hata cha kuvuka.

Mwende akatazama mlangoni, akatutazama sisi.

"Na yule mama mwenyewe yuko?"

Mwaka mzima Baba hajaweza kutamka kwamba umekufa. Akiulizwa, hutazama pembeni, na mmoja wetu humjibia. Nikasubiri atazame pembeni. Baba akasimama, akashuka ngazi, akanyoosha mkono.

"Hayupo, mwanangu. Sisi ni watu wake. Nipe hiyo kamba."

Usiwe na wasiwasi juu ya nyumba, Mama. Mwende amejifungua binti, dada zake wawili wamekuja baada yake, na lile banda la kuku la Njoro Baba amelihamishia kule Rombo kuwa zizi la ng'ombe.

Watu wako ni hawa: mume wako Fabian; watoto wako Basili na mkewe Brenda, na mimi Victoria; wajukuu zako, ambao sasa wote wanaambiwa walikuja na makelele; mdogo wako Wenseslaus na mkewe; wauguzi wenzako; na akina mama wa zamu ya majani, wa huku na wa ng'ambo. Misa ya kukuombea itasomwa kigangoni kwetu Rombo, na baada yake kuna machalari, ndizi na nyama, kwa wote. Mwenye ng'ombe asiogope kuchelewa, zamu imeshapangwa.

Pumzika, Mama. Maisha yetu yote tutakuwa tunakukumbuka.